Farasi Mmoja Kwenye Msafara wa Ryukyu

Binti wa Tanga alikuwa akinitafsiria sokoni kila Jumamosi, na mimi nilikuwa nikimlisha. Hatukuandikiana mkataba. Yeye alikuwa akisoma shahada ya uzamili ya historia hapa Guangzhou, kwa ufadhili. Mimi natokea Iringa, na nikija huku nanunua midoli, daftari na vibanio vya nywele barabara ya Yide Lu kwa ajili ya duka langu. Aliniita shangazi tangu siku aliyonikuta nabishana na mwenye duka kwa vidole na kalkuleta mpaka bei ikashuka. Alisema Kichina changu kibaya ila nia yangu inaeleweka.

Mwaka huo alikuwa amebakiza jambo moja tu, kutetea tasnifu yake mbele ya walimu. Akifeli, ufadhili unakatika na visa inakwisha, anarudi Tanga mikono mitupu. Siku nne kabla, saa nane mchana, alikuja chumbani kwangu, mtaa wa Xiaobei, na begi la vitabu, akaomba nimsikilize akifanya mazoezi.

"Historia ya Wajapani mimi naijulia wapi?"

"Ndiyo maana, shangazi. Ukielewa wewe, na wao wataelewa."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Nikakaa juu ya katoni, nikaendelea kupanga vibanio kwenye kadi zake.

Akaanza. Ryukyu ilikuwa nchi ndogo ya visiwa kati ya China na Japani. Siku hizi ni sehemu ya Japani. Ilikuwa na mfalme wake, na mfalme huyo alithibitishwa na kaisari wa China. Kisha mtawala wa Satsuma, kusini mwa Japani, akaivamia kwa bunduki, akamteka mfalme, akamrudisha kwake atawale kama zamani, ila sasa chini yake. Tangu hapo, kila alipopatikana shogun mpya, yule mtawala mkuu wa Japani aliyekaa Edo, Ryukyu ilituma wajumbe kwenda kumpongeza. Akitawazwa mfalme mpya Ryukyu, wajumbe wakaenda Edo kushukuru. Waliosindikiza msafara ni watu wa Satsuma, na walitoa amri moja: wajumbe wasifanane na Wajapani hata kidogo. Mavazi, silaha, ngoma na tarumbeta, vyote viwe vya kigeni, vya Kichina Kichina, ili watu barabarani waone kwamba bwana wa Satsuma ana ufalme wa ng'ambo mkononi.

"Na wajumbe wa China wakija Ryukyu?" nikauliza.

"Watu wa Satsuma wanahama mjini, wanajificha kijijini. Vitu vya Kijapani vinafichwa. Wachina wakiondoka, vinarudishwa."

Hapo nikaacha vibanio. Yide Lu nina wauza midoli wawili, mmoja mwanzo wa barabara, mwingine uchochoroni. Kila laoban, yaani bosi mwenye duka, anaamini nanunua kwake peke yake. Kabla sijaingia kwa wa pili, mizigo ya wa kwanza naitumbukiza kwenye mfuko mweusi na kibandiko chake nakibandua. Wote wawili wananiita rafiki wa zamani.

"Hao watu wa Ryukyu," nikamwambia, "ningewaachia duka langu walinde."

"Lakini wewe, shangazi, laoban hajakwambia uvae nini."

"Bado."

Akacheka, akafika sura ya nne, ambayo ndiyo aliyoitegemea. Alikuwa na picha ya msafara mmoja wa kwenda Edo. Kwenye orodha iliyoandikwa ya wasafiri, watu walipungua kumi na wawili kuliko waliochorwa. Hoja yake ikawa kwamba mtawala wa Satsuma alipenyeza watu wake kumi na wawili, akawavika mavazi ya kigeni, msafara uonekane mrefu.

"Umewahesabu mara ngapi?"

"Mara moja, shangazi, lakini vizuri."

"Lete kitabu."

"Mwalimu wangu ameshaisoma hiyo sura."

"Na yeye amewahesabu?"

Akatoa kitabu.

Picha yenyewe ilikuwa karatasi ndefu ya kukunjwa kama mkeka, na kitabu kiliikatakata ikaenea kurasa saba. Nilimwaga vibanio sakafuni, kila kichwa kibanio kimoja. Hesabu ya kwanza ilipatana na yake, hakuna pungufu. Akatabasamu, akaanza kufunga begi.

"Tulia. Hiyo ni mara ya kwanza."

Mara ya pili mimi huanzia mwisho, hata kwenye katoni. Ukianzia mwanzo tena, jicho linarudia tu lilichokwisha kuamini. Nikaanza ukurasa wa saba, nikarudi wa sita. Mwanzoni mwa ukurasa wa sita alikuwepo farasi mweupe aliyegeuza shingo, kama aliyeitwa na mtu nyuma. Mmoja kamshika hatamu, mwingine kabeba mwavuli. Nikafunua ukurasa wa tano, mwishoni kabisa: farasi mweupe, shingo imegeuka, hatamu, mwavuli.

"Huyu nimetoka kumwona."

"Farasi weupe ni wengi."

"Wote wameitwa kwa wakati mmoja?"

Tukakagua kurasa zote. Mwisho wa kila ukurasa ulirudiwa mwanzo wa unaofuata, msomaji ajue vipande vinaungana wapi. Kila mahali palikuwa na watu wawili wa kurudiwa. Kurasa saba zina maungio sita. Haikuhitaji kalkuleta kuwapata wale kumi na wawili.

Kosa lile nalijua kwa sababu nililifanya mwenyewe Nansha, bandarini. Orodha ya mizigo yangu ilirudia mstari wa mwisho juu ya karatasi ya pili, nikamshambulia wakala wa watu kwamba katoni mbili za penseli zimeibwa. Akateremsha mzigo wote nihesabu. Katoni hizo hazikuwahi kuwepo duniani. Nilimwita mwizi mtu aliyekuwa amenipa soda.

Binti aliketi sakafuni katikati ya vibanio.

"Shangazi, umeniua."

"Mimi? Ni farasi."

Hakucheka. Alilia, tena kwa hasira, akasema ningemwacha tu, nani angejua. Moyoni niliogopa kwamba nimemvunjia nyumba siku nne kabla ya kuhamia. Nikamwekea chai, ikapoa bila kuguswa.

"Tuseme hawakuzidi," nikasema baadaye. "Ile amri ya mavazi imeandikwa, au nayo umeihesabu wewe?"

"Imeandikwa."

"Basi wa kuongeza walikuwa wa nini? Mimi nikiwa na midoli michache naipanga mbele na maboksi yake ya Kichina, mteja anaona duka limejaa vitu vya mbali. Huyo bwana hakutaka wengi. Alitaka waonekane wametoka mbali."

Akajifuta uso kwa mtandio, akaomba kalamu. Jioni hiyo alimwandikia mwalimu wake kukiri kosa. Mwalimu akamruhusu kuibadilisha sura ya nne. Siku tatu sikumwona.

Siku ya utetezi ndiyo siku ya safari yangu, nikaenda chuoni kwake na mabegi. Sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa nje nikihesabu vidato vya ngazi, mara ya kwanza thelathini na moja, mara ya pili thelathini na mbili. Hapo nikajua nimeogopa kweli, maana vidato havirudiwi.

Alitoka baada ya saa nzima na zaidi, uso umekauka. Nikasimama.

"Mwalimu mzee kuliko wote alikuja na kitabu," akasema. "Kilekile. Akafunua ukurasa wa tano, akaweka kidole kwenye farasi, akauliza nimehesabu farasi wangapi weupe walioshikwa na huyu mtu."

"Ukasemaje?"

"Mmoja. Akafunga kitabu. Hakuuliza tena." Ndipo uso ukamfunguka. "Nimefaulu, shangazi! Wote wamekubali."

Nilikaa pale pale kwenye ngazi. Akaketi ubavuni kwangu, akaniegemea begani na uzito wake wote, tukabaki hivyo huku wanafunzi wakituruka. Kisha akaniuliza kama nina chochote cha kula, maana tangu alfajiri hajala kitu. Nilikuwa na mandazi sita. Alikula matano.

Alinisindikiza kwa metro hadi uwanja wa ndege wa Baiyun, akiongea njia nzima. Kwenye foleni ya mizigo ndipo nikakumbuka kwamba tangu chuoni sijayahesabu mabegi. Nikageuka. Yalikuwepo yote matatu. Nikayaacha na hesabu hiyo moja.