Divisheni ya Watu Mia Nne

Kosa langu nalisema mapema, nisije nikaonekana namtafutia mtu mwengine wa kulibeba. Kitabu kile nilisoma majedwali, sikusoma maneno. Kina kurasa zaidi ya mia tatu, na mimi nikachukua zile kumi na mbili zenye mistari na tarakimu, kwa sababu tarakimu hazitaki Kiingereza kingi, na Kiingereza changu ni cha sekondari, tena sekondari ya kukaa dawati la nyuma.

Nilikinunua Madinat Sultan Qaboos, mtaa mmoja wa hapa Maskati, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mzungu mmoja alikuwa anarudi kwao, ametandika vitu vyake nje ya villa: pasi, viti vya bustani, sanduku la vitabu. Mama alinituma nikatazame friji, maana letu lilikuwa likinguruma usiku kucha na maji hayagandi. Nikarudi na kitabu.

"Friji liko wapi?" akauliza.

"Limeshachukuliwa."

Akakishika kitabu kwa ncha za vidole, kama samaki wa jana. "Na hiki kitagandisha maji?"

Kilikuwa kinaeleza majeshi ya Wajerumani na ya Warusi katika vita vya pili vya dunia: divisheni moja ina watu wangapi, mizinga mingapi, farasi wangapi, mpaka mkate anauoka nani. Nikajua kwamba divisheni ya Kijerumani ya askari wa miguu, vita vinaanza, ilikuwa na watu kama elfu kumi na saba. Rejimenti tatu, kila rejimenti batalioni tatu, na rejimenti ya mizinga, na mainjinia, na watu wa simu, na waoka mikate wake, na wachinjaji wake, na farasi kiasi cha elfu tano. Farasi! Mimi miaka yote nilidhani Wajerumani walikwenda Urusi wamepanda vifaru. Ya Kirusi nayo ilikuwa na rejimenti tatu, watu elfu kumi na nne na kitu. Juu ya jedwali paliandikwa maneno madogo ambayo maana yake ni "inavyotakiwa iwe". Nikayaruka.

Mimi ni mtu wa ndani. Nikitoka kazini, mlango wa nyumba yetu pale Hail ukishafungwa nyuma yangu, hunitoi ila kwa maiti au kwa biriani. Kwa hivyo nilikuwa na wakati. Nikaanza kuzipanga divisheni juu ya mkeka kwa kokwa za tende: za aina ya fardhi Wajerumani, za aina ya khalasi Warusi, kokwa moja batalioni moja. Siku moja Mama alifagia, akachukua jeshi zima la upande wa kusini akalimwaga kwa mbuzi wa jirani. Jirani huyo, bibi mmoja wa ubavuni kwetu asiyejua kusema pole pole, akanichungulia juu ya ukuta.

"Mbuzi wangu wamekula askari wako. Nna deni?"

Friji letu alikuja kulitengeneza mzee mmoja wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa fundi wa mafriji na eyakondisheni katika wizara, mjane, ana binti mmoja. Alilifungua, akalipuliza, akabadilisha kitu kidogo cha shaba, na maji yakaganda siku ile ile. Hakuchukua hata baisa. "Mamako alikuwa shoga yake marehemu," akanambia, yaani mkewe. Ufundi huo aliusomea Urusi. Serikali ya kule Unguja ilimpeleka akiwa kijana, baada ya mapinduzi, na jambo hilo kwetu Maskati, kwa watu walioyakimbia mapinduzi hayo hayo, halikuwa la kutangaza. Wako waliokuwa wakimtazama kwa jicho la pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa halitaji ila akishabanwa.

Mimi ndiye niliyembana. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri wanaume wa mtaa walikuwa wakikaa katika majlisi ya nyumba ya kona, kahawa na tende, na mimi kwa ajili ya kitabu changu nikawa natoka. Mtu aliyesoma kurasa kumi na mbili hawezi kukaa nazo nyumbani. Nikawaeleza divisheni mpaka mwenye nyumba akawa ananiita Jenerali. Siku moja nikamgeukia mzee.

"Ami, wewe umekaa Urusi. Hukuonana na wapiganaji wa vita vile?"

Akazungusha kikombe. "Nilionana na mmoja. Mlinzi wa dahalia yetu. Mkono wa kulia ana vidole viwili. Ndiye aliyenifundisha Kirusi, na baridi ya mwanzo alinipa koti lake. Akisema, divisheni yao ilipovuka mto ilikuwa watu mia nne, na wapishi ndani yake."

"Mia ngapi, ami?"

"Mia nne."

Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimengoja wiki nzima mtu akosee.

"Mia nne hata batalioni haijai! Divisheni ni rejimenti tatu, ami, watu elfu kumi na nne. Mia nne ni watu wa arusi, tena arusi ya masikini."

Majlisi nzima ikacheka. Nikaona raha, nikaongeza.

"Ama alikudanganya, ama Kirusi kilikupita pembeni."

"Walikuwa wamekufa, mwanangu," akasema pole pole.

"Wamekufa elfu kumi na tatu na mia sita, na divisheni bado hai? Hiyo divisheni au mzimu?"

"Bendera walikuwa nayo. Akisema, madhali bendera ipo, divisheni ipo."

"Basi hata mimi na shuka la Mama ni divisheni!"

Mtu mmoja alipaliwa na kahawa. Mzee akacheka kidogo na yeye, cheko la mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni, akakitikisa kikombe kuonesha kuwa ametosheka, akakiweka chini. Kutoka siku hiyo jina lake likawa Mia Nne. Halikuchukua hata mwezi. Mwenye duka Mhindi akawa anamwita kwa Kiarabu, Arbamia, akidhani ndilo jina alilopewa na babake. Na mimi, nasema kweli, nikilisikia nilikuwa naona fahari, kama mtu anayesikia mashairi yake yanaimbwa.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, ila mtu wa ndani. Posa haianzi kwa posa. Inaanza kwa mtu wa kuulizia. Upande wa mume wanamtuma mtu mzima mmoja kwenye mtaa wa binti, na huyo hasemi kuwa amekuja kuulizia. Anakuja kama anayepita. Anauliza maji ya mtaa huu yanakuja siku gani, na imamu wenu anatoka wapi, halafu, kama aliyekumbuka tu, anauliza fulani ni mtu gani. Atakachojibiwa ndicho kitakachokwenda. Kwa hivyo watu wenye akili, wakimwona mgeni wa namna hiyo, wanakaa sawa, na mwenye neno baya analimeza.

Alikuja Ijumaa moja. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, mkononi ana sahani ya haluwa. Akauliza maji. Akauliza imamu. Wenzangu wote wakakaa wima, na mimi nikadhani ni heshima ya haluwa.

"Na yule fundi wa mafriji," akasema mgeni, "ni mtu gani?"

"Mtu mwema sana," akajibu mwenye nyumba. "Msikitini hakosi. Na mwanawe kalelewa."

"Mwema," nikadakia, "ila maneno yake uyagawe kwa thelathini na tano."

Mwenye nyumba alinikanyaga. Nikavuta mguu, nikadhani ameteleza.

"Kwa nini thelathini na tano?" akauliza mgeni, uso umekunjuka.

Nikamweleza. Nikachukua kokwa kutoka kwenye sinia nikampangia divisheni nzima ya Kirusi juu ya zulia, kokwa tisa, nikaziondoa nane, nikaivunja kwa meno ile iliyobaki, nikamwambia, "Hii nusu ndiyo divisheni ya Mia Nne." Mgeni alicheka mpaka akafuta macho. Hakuna mwengine aliyecheka. Nikasema moyoni, hawa wameshachoka na mzaha wangu, mgeni ndiye anayejua kitu kizuri.

Nilimhadithia Mama nikiwa bado nacheka. Yeye hakucheka.

"Kaja na haluwa?"

"Kaja nayo."

"Kauliza imamu?"

"Kauliza."

Akaketi juu ya kitanda. "Wewe mtoto, hicho kichwa umewekewa cha kuvalia kofia tu? Yule wa kuulizia! Kwao wameshaongea na shangazi wa binti wa fundi, kijana mwenyewe anamtaka. Palikuwa pamebaki hapo tu."

Baada ya siku chache upande wa mume ukaleta jibu, kwamba wameswali istikhara, sala ya kumuomba Mungu achague, na haikutoka vizuri. Hivyo ndivyo tunavyosema tukiwa hatutaki kusema. Nani atagombana na istikhara? Ila shangazi wa binti alilisikia lile lililosemwa ndani upande huo wa mume: baba muongo, tena wa Urusi, nani ajuaye ameficha nini chengine. Zikaja posa nyengine mbili, na kila moja ilikuwa na mtu wake wa kuulizia, na jina la Mia Nne lilikuwa likitangulia kufika. Halafu hazikuja tena.

Mzee aliacha kuja majlisi. Akawa anasali safu ya nyuma, karibu na viatu, atoke kabla ya watu. Na mimi nilifanya nini? Nilikaa ndani. Ndiyo kazi ninayoiweza. Friji lilipoharibika mara ya pili nilimwita fundi kutoka Sib, akachukua riyali kumi na mbili na likazidi kunguruma, na Mama akasema kila likinguruma linanitaja mimi.

Miaka ikapita, tukaingia mwaka elfu mbili. Mgongo ukanilaza wiki tatu, na sikuwa na cha kusoma ila kile kitabu. Majedwali nilikuwa nayajua kwa moyo. Basi, kwa uvivu wa kutokuwa na la kufanya, nikachukua kamusi nikaanza sura inayofuata. Siku mbili kwa ukurasa. Ukurasa wa tatu ukaniamsha nikakaa, na mgongo wangu ule ule. Ulisema zile hesabu za jedwali ni za kwenye karatasi. Ulisema vita vilivyoendelea Warusi wenyewe walipunguza karatasi ikawa elfu tisa na kitu, na hata hizo hazikufikiwa. Divisheni nyingi zilipigana na watu elfu tano, sita, na ziko zilizobaki na mamia tu. Wajerumani nao mwishoni hivyo hivyo, nambari ipo, makao makuu yapo, watu hawapo. Mwenye kuhesabu divisheni bila ya kuuliza ndani yake mna nani, kilisema kitabu, hajahesabu kitu.

Nilipoweza kusimama nilikwenda kwa mzee, kitabu kwapani. Nilimkuta uani, amekaa juu ya kibao, mbele yake mota ya friji imefunguliwa. Amekonda. Nikamsomea, nikafasiri sentensi kwa sentensi. Hakuninyanyulia macho mpaka nilipomaliza.

"Yaani yumkini kuwa mia nne?"

"Yumkini, ami. Wako waliokuwa chini ya hapo."

"Basi yule mlinzi hakunidanganya."

"Hakukudanganya."

Akaifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Alhamdulillahi. Nimemdhania vibaya miaka yote hii. Nilikuwa nishaanza kujiambia labda hata lile koti hakunipa."

Binti yake akatoka na dele la kahawa. Alikuwa ameshaanza mvi karibu na masikio, na hakuwa ameficha. Akaweka kikombe kimoja mbele ya babake, akakijaza, akaondoka na dele. Mzee akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akaona haya kwa niaba yangu, akanisogezea chake. Nikakinywa. Sijui kwa nini nilikinywa.

Kwenye geti nikakutana na bibi wa mbuzi, amebeba majani. Alitazama kitabu, akatazama uso wangu, akajua yote, maana ukuta wake na wa mzee ulikuwa mmoja kama ulivyokuwa mmoja na wetu.

"Nimekuja kumsomea, bibi," nikamwambia. "Kumbe alisema kweli. Nimemletea ushahidi."

Akateremsha majani yake chini.

"Mwanzo ulitaka kushinda kwa kitabu, leo unataka kusamehewa kwa kitabu. Yule mtoto hakuwa akitaka kitabu, alikuwa akitaka mume. Nipishe, mbuzi wangu wana njaa."