Redio ya Baba Niliyoiua Darasani

Sisi tuliosoma ufundi wa redio hapa Arusha miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa bidhaa za nje, tulijifunza kwa kuungua vidole. Vijana wa leo wana vyeti vyenye mihuri ya kung'aa, lakini ukiwapa bisibisi wanaitazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mwalimu wetu, Mwalimu Nnko, hakupenda ubao. Siku ya kwanza alituambia, "Kila mtu alete redio iliyokufa. Mtaifungua yote, kisha mtairudisha mpaka iongee. Ambaye yake haitaongea Ijumaa, arudi kwao akalime."

Nyumbani kwetu Sekei hatukuwa na redio iliyokufa. Tulikuwa na moja tu, nzima, ya baba, ya kusikilizia matangazo ya vifo ili asikose mazishi ya watu wa kwao Meru. Wiki hiyo alikuwa mlimani akichuma kahawa, wa kurudi Jumamosi. Nikaibeba. Msichana peke yangu darasani, niende mikono mitupu wavulana wanicheke? Thubutu!

Niling'oa vipande vyote. Wakati wa kuirudisha nikapachika transista moja miguu kinyume, moshi ukafuka, harufu ya plastiki ikajaa darasa zima. Mwalimu akaja, akanusa, akanitazama usoni.

"Hii haikuwa maiti, binti. Umeiua wewe."

"Ni ya baba, mwalimu," nikasema, machozi yakinilengalenga.

"Basi ifufue kabla hajarudi."

Akaenda zake. Hakunionyesha hata waya mmoja! Nilimchukia siku mbili nzima, nikichokonoa mabaki ya redio kwa fundi mmoja mtaa wa Levolosi, nikiunga, nikiunguza, nikianza upya. Ijumaa mchana ikakoroma, kisha ikaongea.

Jumamosi baba alirudi na mkungu wa ndizi, akaiwasha, akatega sikio. Kifo kikatangazwa kwa sauti safi kabisa. Mimi pale mlangoni nikaangua kilio cha furaha, nikashindwa kujizuia. Baba akageuka akinishangaa.

"Mwanangu, kwani ulimfahamu marehemu?"

Juzi kijana mmoja mwenye cheti alikuja karakana kwangu Kijenge kuomba kazi. Akanipa shikamoo ya haraka haraka, nikampa redio mbovu. Akaichungulia, akaiweka chini.

"Mama, si mnunue nyingine tu?"

Nikamrudishia cheti chake. Nilimdharau, sikatai, ila baadaye nilimwonea huruma. Enzi zetu redio ilikuwa moja, na kulikuwa na mzee njiani anarudi kuisikiliza. Yeye hajawahi kutengeneza kitu ambacho mtu anakisubiri.