Alisema Tosha

Ndani ya kile kijumba mlikuwa na harufu ya zulia lililovunda, gesi ya kupikia, na tumbaku ya mzee wa Herndon aliyemuuzia Baba. Siku tuliyokwenda kukitazama Baba alifungua kila kabati, akanusa kila kona, akaninong'oneza kwamba yule mzee lazima kuna kitu anakificha, kwa sababu mtu haachi kitu kizuri huku anatabasamu. Hata hivyo alikichukua. Kilikuwa kijumba cha kupakiwa mgongoni mwa pikapu, chenye kitanda kilichotokeza juu ya paa la dereva, meza ya kukunja, sinki dogo na mlango kwa nyuma. Tulikuwa tunakaa Bladensburg, mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka kumi. Kiangazi kile familia kadhaa za Kitanzania zilipanga kwenda kupiga kambi siku tatu kwenye milima ya magharibi mwa Maryland. Wenzetu walikodi vibanda vya huko huko. Baba alikataa. Alisema hawezi kulalia godoro ambalo hajui limelaliwa na nani, kisha akarudi nyumbani na godoro la mzee mvuta tumbaku.

Baba alikuwa dereva katika ubalozi mmoja mjini, na sijui kama kazi ndiyo iliyomfundisha kumshuku kila mtu au alizaliwa hivyo. Alikuwa akichora mstari wa kalamu kwenye kopo la sukari ili ajue imeshuka kiasi gani. Akitoka, alibana kipande cha uzi kwenye mlango wa chumba chake. Akirudi aliutafuta kwanza kabla hajavua koti. Methali yake ya kila siku ilikuwa kikulacho ki nguoni mwako, na aliitamka akitutazama sisi tuliokuwa nguoni mwake. Mama alimcheka waziwazi. Mimi sikumcheka, kwa sababu nilimpenda, na mtoto akimpenda mzazi huiga hata kilema chake. Nilipofika miaka kumi nilikuwa tayari nina uzi wangu mwenyewe, ninaubana kwenye droo yangu ya soksi.

Mwezi wa nne wa mwaka ule Mama alirudi kutoka kanisani na mtu mrefu, mkimya, mwenye begi moja. Alikuwa Papa Byamungu, Mkongo wa Bukavu, ambaye kwao aliendesha malori kabla vita havijamfukuza, na hapa alikuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mke wake na watoto wawili walikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi, na makaratasi ya kuwaombea waje yalihitaji anwani ya nyumba. Mama akampa anwani yetu, na pamoja na anwani akampa chumba cha chini. Chumba kile kilikuwa changu. Niliahidiwa kwamba ni kwa muda tu, nikahamishiwa kitanda cha kukunja sebuleni, nikaanza kumchukia yule mtu kwa utulivu na kwa bidii.

Baba naye hakufurahi, ila yeye alikuwa na sababu pana zaidi. Aliniita pembeni akaniambia niwe macho yake awapo kazini: nimwambie mgeni ametoka saa ngapi, amerudi na nini, amesimama wapi. Kazi hiyo niliipenda kuliko kazi yoyote niliyopata kufanya baadaye. Nilijifanya nacheza kwenye ngazi za chini, kumbe nachungulia. Siku ya kwanza aliponikuta mlangoni mwake na viatu vyenye matope alisema, "Weye, tosha viatu." Nikadhani ananiambia kwamba viatu vyangu vinanitosha, nikashangaa vinamhusu nini. Akacheka, akainama, akavua vyake, akasema tena, "Tosha." Basi nikajua kwamba kwao kutosha ni kutoa, ni kuondoa. Alitosha takataka, alitosha chungu motoni, siku moja alinitosha mwiba kidoleni kwa sindano bila kuniumiza. Sikumwambia mtu yeyote neno lile. Mpelelezi akiokota kitu hukificha.

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, kijumba kilipandishwa mgongoni mwa pikapu. Hakikai kwa uzito wake peke yake. Kinafungwa kwa minyororo minne, miwili mbele na miwili nyuma, na kila mnyororo una skrubu ndefu ya kukazia ambayo mtu huizungusha mpaka mnyororo unyooke. Ile ya nyuma Baba aliifunga kwenye bampa. Tatizo ni kwamba kwenye bampa hiyo hiyo ndipo alipokusudia kufunga tela iliyobeba masufuria ya Mama, viti, mahema na jiko la mkaa. Bampa moja ikawa imeshika nyumba kwa juu na imeburuta mzigo kwa nyuma. Haya nayajua leo. Wakati ule nilichojua ni kwamba Ijumaa asubuhi na mapema, Baba akiwa bafuni, nilichungulia dirishani nikaona miguu miwili mirefu imetokeza chini ya pikapu, na spana ikimetameta. Nilipanda ngazi mbio kwenda kupeleka habari.

Baba alimkuta amekwisha simama, anafuta mikono. Papa Byamungu hakuonekana mwenye hatia. Alionyesha bampa kwa spana, akasema polepole, kwa heshima, akimwita Baba kwa jina langu, "Papa Neema, ile byuma ya nyuma, tosha. Yote mbili. Remorki itavuta."

"Nimekusikia," Baba alisema. "Naomba hiyo spana."

Akampa. "Unatosha?"

"Inatosha, bwana, inatosha!"

Papa Byamungu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kazini kwake. Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, akauliza yule baba kasema nini. Baba akajibu kwamba kasema vyuma vya nyuma vinatosha, vyote viwili, tela itavuta vizuri. Akaongeza, kana kwamba kuna aliyemuuliza. Nilisimama kati yao. Nilikuwa nimeelewa kila neno, na nilikuwa nimemwona Baba akielewa kinyume. Sikujua kwamba mtu anaweza kuumia. Nilichofikiri ni kwamba Baba hapendi kusahihishwa, na kwamba neno lile lilikuwa langu. Nikanyamaza, nikaenda kupanga soksi zangu.

Jumamosi tuliondoka, tukapita njia ya Columbia ili tumchukue shangazi yangu. Kabla ya kuondoka Baba alikazia minyororo yote kwa ile spana aliyoinyang'anya, mpaka ya nyuma ikalia. Tulikaa watatu mbele, mimi katikati. Tulikuwa tunakaribia Columbia gari la mbele yetu lilipofunga breki ghafla. Baba naye akafunga. Nyuma yetu kukatoka mlio wa chuma kinachochanika, pikapu ikavutwa upande, kisha kijumba kizima kikainama na kitanda cha juu kikaligonga paa la dereva juu ya vichwa vyetu. Mama alipiga paji la uso kwenye kioo. Niligeuka nikaona bampa imeng'oka upande mmoja, tela imelala kwa ubavu, na masufuria ya Mama yanazunguka peke yake katikati ya barabara kuu. Damu ya Mama ilinidondokea gotini. Aliniambia nisilie, si nyingi, akashonwa nyuzi saba.

Jioni hiyo Papa Byamungu alitukuta mezani. Alipoona kichwa cha Mama kimefungwa bandeji alikaa kwenye kiti cha karibu bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Baba alisimama mbele yake. Alisema mtu huyu alikuwa chini ya gari langu na spana, mtu huyu alitaka tuondoke nyumba ibaki mikononi mwake, mtu huyu alinidanganya mchana kweupe. Papa Byamungu alirudia kwa sauti ndogo, "Nilisema tosha. Nilikuambia, tosha." Ndivyo alivyojimaliza mwenyewe, masikini, kwani kila aliporudia neno lile Baba alipiga meza akasema mnasikia, anakiri. Mama akasema huenda kuna kutoelewana, tusimhukumu mtu kwa hasira. Ndipo Baba akanigeukia mimi. "Neema, wewe ulikuwepo. Alisema nini?"

Mimi nilikuwa mtoto wa kujibu kwa Kiingereza kila nilipoulizwa kwa Kiswahili. Lilikuwa jambo lililomkera Baba kila siku. Siku hiyo nilijibu kwa Kiswahili safi. "Alisema tosha."

Sikusema uongo. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Papa Byamungu alinitazama, akasubiri niendelee, kwa kuwa alijua kwamba najua. Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilitazama sahani yangu. Nilikuwa nakifikiria chumba cha chini, kitanda kitakaa ukuta upi. Aliposimama alimpa Mama pole kwa mikono miwili, na Jumatatu begi lake moja likaondoka naye. Hakutuambia anakwenda wapi, wala hatukuuliza. Baada ya wiki tatu ikaja barua yenye mwandiko wa mke wake, halafu nyingine. Mama alizipeleka kwenye kanisa la Wakongo, akaziacha kwa mtu aliyesema atauliza. Kama zilimfikia, sijui. Chumba nilirudishiwa, na miezi ya kwanza sikupata usingizi ndani yake.

Leo mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaonijibu kwa Kiingereza, na sibani uzi kwenye mlango wowote. Wenzangu husema zamani watu waliaminiana, milango ilikuwa wazi, siku hizi ndiyo kila mtu ana kamera barazani. Mimi sina zamani hiyo. Kwetu mlango ulikuwa na uzi, na aliyekuwa na macho makali kuliko wote ndani ya nyumba alikuwa mtoto wa miaka kumi. Tulilinda sukari, tukalinda spana, na mtu mwema akatuponyoka mbele ya macho yetu.

Mwaka jana nilimpeleka Baba hospitali kupimwa macho, maana sasa haoni vizuri, na tukiwa tunasubiri nikaona nisipomwambia siku ile sitamwambia tena. Nikamweleza maana ya tosha katika Kiswahili cha Kongo. Nilitegemea atashtuka. Akasema, "Najua. Fundi aliyelitengeneza gari alinionyesha chini ya chesisi. Kulikuwa na pete mbili mpya za chuma, zimefungwa vizuri, moja kila upande. Akaniuliza kwa nini sikuifunga minyororo hapo. Yule bwana alikuwa ameshatutengenezea pa kufunga."

"Ulijua lini, Baba?"

"Wiki ile ile. Jumatano." Alipapasa mkono wangu mpaka akaupata. "Nilikuwa naona aibu kwako. Wewe ulikuwa mtoto, ulimwamini baba yako. Nikasema acha, Neema asijue kwamba nilimfukuza mtu bure." Akauliza, "Na wewe uliijua lini maana yake?"

Muuguzi aliita jina letu. Baba hakuinuka. Alikuwa amenielekezea uso wake wote, anasubiri, kama yule mwingine alivyonisubiri mezani.

"Mwezi wa nne wa mwaka ule, Baba," nikamwambia. "Kabla hatujaondoka."