Baiskeli Isiyo na Mzigo

Kaka yangu mkubwa alikuja Brussels kuwa parrain, baba wa ubatizo, wa mtoto wetu wa tatu, lakini kitu cha kwanza alichokigusa ndani ya nyumba yetu ya mtaa wa Schaerbeek hakikuwa mtoto. Kilikuwa baiskeli yangu, iliyotundikwa ukutani kwenye korido kwa kuwa hatukuwa na mahali pengine pa kuiweka. Hata koti hakuwa amevua. Alipapasa kiti, akateremsha mkono hadi juu ya gurudumu la nyuma, akatafuta kibebeo cha mizigo ambacho hakikuwepo.

"Porte-bagage iko wapi?"

"Haina, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu.

"Sasa unabebaka nini?"

"Sibebi kitu. Ni ya kutembea tu."

"Kutembea kwenda wapi?"

Nilitaka kusema kazini. Lakini mke wangu alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni, akanitangulia. "Anaendaka France, yaya. Kila samedi, siku ya kupumzika. Anazunguka mu mashamba ya watu, kisha anarudia ku nyumba."

Kaka akacheka, akatutazama mmoja baada ya mwingine kama anayengoja sehemu ya pili ya hadithi. Sehemu ya pili haikuwepo. Nikashuka chini kuchukua mizigo yake, nikaketi nayo kwenye ngazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baba yetu alipofariki huko Lubumbashi, mimi nilikuwa bado shule ya msingi na kaka alikuwa sekondari. Yeye ndiye aliyeacha masomo. Alipata kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu, akaanza kufuata makala, yaani makaa ya kuuza, vijijini. Alikuwa anatoka na kinga tupu, na kesho yake anarudi akiisukuma, magunia yamepangwa marefu kumpita yeye, fimbo imefungwa kwenye usukani ili aweze kuuongoza huku bega lake likisukuma nyuma. Vumbi la njia na vumbi la makala vilimfanya awe na rangi moja kuanzia nywele hadi viatu. Mimi nilikuwa nakwenda shule na sare iliyopigwa pasi. Baadaye nikapata nafasi ya masomo Ubelgiji, na baada ya masomo, kazi ya ofisi karibu na kituo cha Schuman. Yeye alibaki na mgongo uliopinda upande wa kulia.

Baiskeli ya kutembea nilifundishwa na mwenzangu wa ofisini, Mbelgiji mpole aliyekuwa anachukia magari. Tulikuwa tunapanda treni na baiskeli zetu hadi Erquelinnes, kituo cha mwisho kabla ya Ufaransa, kisha tunavuka. Walinzi wa mpaka walikuwa wameshaondolewa. Ukishapita nyumba za mwisho, zinaanza njia za changarawe: njia za trekta katikati ya nyua za miti, na njia za reli za zamani ambazo vyuma vyake vimeng'olewa yakabaki mawe madogo. Unaweza kwenda asubuhi nzima usisikie kitu ila mawe yakisagika chini ya magurudumu, na ng'ombe wanaoinua vichwa kukutazama. Nilipenda sana. Na kwa sababu nilipenda, nilikuwa naona haya. Barabara ya vumbi, jasho, kinga: vitu vilevile vilivyomkunja kaka mgongo, mimi nilikuwa navifuata kwa treni, siku ya mapumziko, kwa raha zangu.

"Umupeleke yaya naye aone," mke wangu aliniambia juma lile.

"Atachoka."

"Nani atachoka? Yeye ao we?"

Jirani wa chini, Mturuki mwenye duka la mboga, akatuazima baiskeli yake. Jumamosi tukaondoka. Ilikuwa Septemba, umande bado uko kwenye majani. Nilijitwisha kila kitu: maji, mikate, makoti yote mawili, hata kofia ya kaka. Kila baada ya muda mfupi nilikuwa nageuka.

"Unasikia maumivu, yaya?"

"Hapana."

"Tupumzike kidogo?"

"Tumetoka sasa hivi!"

Aliendesha vizuri kuliko nilivyotarajia, magoti yamepanuka, uso umeinuka. Aliwasalimia ng'ombe. Aliuliza kwa nini mashamba haya hayana watu, na wanaolima wako wapi. Lakini tulipofika kwenye kilima cha kwanza akashuka, akakamata usukani kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauweka nyuma ya kiti, akainama na bega mbele. Ilikuwa baiskeli nyepesi, isiyo na gunia hata moja, naye akaisukuma kama iliyojaa mzigo unaotaka kumrudisha nyuma. Mwili ulikuwa haujasahau. Nikatupa yangu kando ya njia, nikamkimbilia.

"Lete, yaya. Lete nikusukumie."

"Niachie kinga yangu."

"Yaya, tafadhali..."

"Nimesema niachie!"

Akanipita, akafika juu peke yake. Nilipoichukua baiskeli yangu na kumfikia, alikuwa ameshapanda tena, na mbele yetu njia ilikuwa inateremka, nyeupe, imenyooka hadi kwenye shamba moja chini. Nikamwambia abane breki kidogo kidogo, changarawe inateleza. Sidhani alinisikia. Alijiachia. Shati likajaa upepo, akapiga kelele ya furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba akiwa hai, na karibu na chini gurudumu la mbele likaingia kwenye mawe mengi, akaruka, akaanguka kwa ubavu.

Nilimkuta ameketi katikati ya njia akiangalia kiganja chake. Ngozi ilikuwa imechubuka yote na vijiwe vimeingia ndani. Mama mmoja mzee akatoka kwenye nyumba ya lile shamba na beseni la maji na kitambaa, akamwosha bila haraka, akimuuliza anatoka wapi.

"Bruxelles, madame," kaka akajibu kwa heshima, kana kwamba amezaliwa huko.

Mama aliporudi ndani kutafuta dawa, mimi nilipiga magoti pale kwenye mawe.

"Yaya, unisamehe."

"Juu ya nini? Mi mwenyewe njo nilianguka."

"Si juu ya hiyo. Juu ya makala. Juu ya masomo yako."

Alinitazama, na nikaona amekasirika kweli.

"Sikia, mudogo yangu. Tangu nilifika unaniangalia sawa na mugonjwa. Ukinipa chai, unaniangalia. Nikipanda escalier za nyumba yako, unaniangalia. Unafikiri niliacha masomo juu yako? Mi sikupendaka masomo. Mwalimu alikuwa ananipiga kila siku. Papa alikufa, bon, nikasema, sasa nitatoka. Asubui ile kinga iko tupu, njia inashuka, nilikuwa nafurahi sawa na leo. Donc, usinifanye maskini hapa mbele ya bantu."

Yule mama mzee akarudi na dawa, akamfunga kiganja. Njia yote ya kurudi alikuwa mbele, kiganja kimefungwa kitambaa cheupe, nami nikamfuata. Jumapili, siku ya ubatizo, akambeba mtoto kanisani kwa mkono huohuo. Wiki iliyofuata yeye mwenyewe ndiye aliyesema twende tena, ingawa mvua ilikuwa inanyunya, na safari hiyo sikumuuliza kama amechoka. Nilijaribu hata kufurahi. Maneno yake yalikuwa yamenipa ruhusa.

Alipokwisha kurudi Lubumbashi, siku moja nilikuwa naongea na mama yetu, aliye huko huko, kwa simu. Nikamuuliza, nikijifanya ni swali la kupitisha muda, kama ni kweli yaya alikuwa anachukia shule.

Mama akashusha sauti.

"Nani alikuambia vile?"

"Yeye."

"Alikuwa wa kwanza mu classe. Alililia ile shule mwezi muzima, usiku, akifikiri sisikii." Kisha akasema, "Usimuambie nilikuambia."

Sikumwambia. Jumamosi iliyofuata sikwenda popote, wala ile ya baada yake. Nilikaa nyumbani, watoto wakinikwepa, mke wangu akinitazama bila kuuliza. Kisha kaka akapiga simu, akataka habari za mtoto, na mara moja akauliza, "Na kule France? Ulienda?"

Nikasema hapana, kazi nyingi.

"Aa! Uende," akasema. Sauti yake ilikuwa na masikitiko ya kweli. "Uende, kisha unielezee. Minapenda kusikia."

Basi nikaenda. Na Jumapili nikampigia, nikamwelezea: jinsi nyua za miti zilivyobadilika rangi, wapi changarawe imeoshwa na mvua, jinsi yule mama wa shamba alivyoniuliza bwana wa Bruxelles yuko wapi. Alisikiliza hadi mwisho, akiuliza maswali, akicheka. Nami, nikiijua kweli aliyonificha, nikaendelea kusema, kwa sababu ndicho alichoniomba.