Taratibu na Haibridi ya Dada Yake

Walimwita Taratibu, na si wote waliokuwa wanamsifu. Kabla ya mambo ya haibridi alikuwa dereva wa gari la maiti la hospitali, na kazi ile ndiyo iliyomfundisha mguu. Jeneza halipigiwi breki ya ghafla. Nyuma yako amekaa mama wa watu analia, na kila shimo unaloingia linamuuma yeye kwanza. Basi akazoea kukanyaga mafuta kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto. Hata siku aliyoazima gari kwenda sokoni, walio nyuma walimpigia honi mpaka wakachoka wenyewe. Kuongeza mwendo? Ng'o!

Mwenye yadi ya magari alimwona msibani. Wenzake wanalia, yeye macho yote kwenye gari la maiti, anatazama linavyoondoka bila kushtuka. Wiki haikuisha akamwita.

"Mguu kama huo unapotea bure kwa marehemu, hata asante hawakwambii," tajiri akasema. "Njoo uniendeshee walio hai."

Mshahara umenona, shati jeupe la bure, kiyoyozi kutwa. Wewe ungekataa?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Yadi ilikuwa juu kilimani, na ofisi ya kutia saini ilikuwa chini, ubavuni mwa benki. Mteja anapanda haibridi, gari linalotumia mafuta na betri, Taratibu anabonyeza kitufe cha kufuta hesabu ya safari iliyopita, kama alivyoagizwa, halafu wanateremka. Injini imezima, betri inafanya kazi, ndani kimya mpaka mteja anauliza kama gari limewaka. Wakifika chini, kioo cha dashibodi kinasema gari limekwenda kwa lita moja mbali kuliko hata zile kilomita ishirini na tano zilizoandikwa kwenye bango la yadi. Mteja anashika mdomo. Tajiri yuko mlangoni, kalamu mkononi: "Si nilikwambia?" Pikapu inamrudisha Taratibu juu kumchukua mteja mwingine, na waosha magari ndio wanaorudisha haibridi yadini baadaye.

Kwa hiyo Taratibu hakuwahi kuipandisha haibridi ule mlima, hata mara moja. Utauliza, mtu mzima na akili zake, hakujiuliza? Hakujiuliza. Wateja wakimpigia makofi, tajiri akimwita profesa mbele za watu, naye kichwa kikivimba. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila huyu wetu hakujua kwamba maji yalikuwemo tangu asubuhi.

Sasa, alikuwa na dada yake mkubwa. Wazazi walipofariki, yule dada aliacha shule, akambeba mdogo wake mgongoni huku anapika vyakula vya watu. Mpaka leo ndiyo kazi yake: anapika chakula cha mchana na kuwapelekea mafundi wanaojenga majumba mapya huko juu, nyuma ya kilima. Kigari chake cha zamani kilikuwa kinakohoa kila akigeuza ufunguo.

Jioni moja akamwuliza, "Mdogo wangu, niambie kweli. Hayo magari yenu, kweli hayanywi mafuta?"

"Dada, nimeona kwa macho yangu haya. Hayanywi, yanaonja tu."

Dada akacheka mpaka akafuta machozi. "Angeniambia mwingine ningeuliza watu kumi. Wewe nimekuogesha, nikuulizie kwa nani?"

Akauza kigari, akaongeza akiba yake yote, akanunua haibridi. Hata kuijaribu hakuijaribu. Neno la mdogo wake lilimtosha.

Mwezi wa kwanza haujaisha, huyo mlangoni kwa Taratibu, hajavua hata aproni.

"Gari lako linakunywa!" Hodi hakupiga. "Halionji, linakunywa! Nusu ya namba ya bango lenu halifiki."

"Labda unaendesha kwa haraka, dada."

"Haraka? Mafundi wana saa moja tu ya kula, na ninapanda mlima na masufuria yamejaa! Unataka niende kama nimebeba maiti?"

Taratibu akamwomba wapande pamoja. Kesho yake akapakia yale masufuria mwenyewe, akakaa kwenye usukani, dada pembeni. Akakanyaga kwa ule mguu wake wa siku zote. Walipoanza kupanda tu, injini ikanguruma, na namba kwenye kioo zikaanza kushuka, zinashuka na yeye anazitazama. Akalegeza mguu, gari likataka kusimama. Akakanyaga, zikashuka tena. Juu walifika wamechelewa, mafundi wananuna, na namba imekaa chini ya nusu ya ile ya bango, kama dada alivyosema. Hapo ndipo alipoelewa. Zile sifa zote alikuwa akipewa yeye, na kazi ilikuwa inafanywa na mteremko. Tajiri aliujua mteremko. Alimwajiri ili wateja wasiufikirie.

Akamfuata ofisini. Tajiri hata kusimama hakusimama.

"Bango limesema 'hadi' ishirini na tano, profesa. Nani kadanganywa? Na dada yako alikuja hapa juzi kulalamika. Nikamwambia akuulize wewe, maana gari unalijua kuliko mtu yeyote, na ulijua tangu mwanzo."

"Umemwambia nilijua?"

"Si ulikuwa unaendesha wewe?"

Loo! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe umepewa bure. Taratibu akavua lile shati jeupe pale pale, akalitupa mezani, akatembea mpaka kwa dada yake na fulana ya ndani. Alidhani akimwona hivyo ataelewa.

Dada akamtazama juu mpaka chini. "Umevua shati. Mimi nivue nini?"

Ikabidi gari liuzwe. Akatokea mwalimu mmoja, mpole, akalizunguka, akafungua milango, akauliza lile swali ambalo kila mtu huuliza.

"Linakula mafuta kiasi gani?"

"Muulize huyu," dada akasema. "Ndiye anayelijua."

Taratibu alijua wazi: akilisifu, dada anapata hela zake leo leo. Akamwuliza mwalimu anakaa wapi. Mwalimu akaonyesha juu, nyuma ya kilima.

"Basi usinunue," Taratibu akasema. "Mjini, tambarare, pole pole, halina mpinzani. Kwa mlima wa kila siku utalia."

Mwalimu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru, akaenda zake. Dada akabaki ameshika ufunguo.

"Kumbe kumwuliza mtu anakaa wapi unaweza," akasema.

"Dada, wakati ule sikujua. Naapa, tajiri alinificha."

"Mimi ninakopeleka chakula ulikuwa unakujua. Yule ni mtu baki, umemwuliza njia yake. Mimi hukuniuliza."

Masufuria ya chakula cha mchana yalikuwa chini, kando ya gari. Taratibu akainama ashike moja amsaidie kupakia.

"Acha," dada akasema. "Nitapakia mwenyewe."