Waya wa Kulinda Miiba

Kwa nini mti unaolindwa ufe, na ule unaokatwa, unaochomwa na kutafunwa na mbuzi uchipue? Mamangu aliniuliza hivyo akiwa amesimama nyuma ya nyumba yetu ya Kitengela, mkono kiunoni, kama mwalimu anayesubiri jibu ambalo mwanafunzi amelipiwa karo ili alijue. Nilikuwa na digrii ya mambo ya mazingira. Nikamjibu kwamba labda ni mabadiliko ya hali ya hewa. Enzi hizo msomi asipojua kitu alisema hivyo, na watu wakatikisa kichwa kwa heshima.

Tulihamia huko kutoka Mkoa wa Kati katikati ya miaka ya tisini. Watu wa kwetu wakinunua ardhi, kitu cha kwanza si kisima wala choo, ni waya. Shamba lisilo na waya ni uvumi tu. Babangu alizungusha seng'enge kabla hatujajua mvua hutokea upande gani. Tukawa tumefungia ndani udongo mweusi unaovua watu viatu, pamoja na miti mifupi ya miiba ambayo majirani zetu Wamaasai waliiita eluai. Chini ya miiba yake kuna vinundu vyeusi vyenye matundu, na upepo ukivuma vinapiga mluzi. Ndani ya vinundu wanaishi sisimizi. Ukigusa tawi, wanatoka wote kukuuliza unamtafuta nani.

Baba alitaka kung'oa miti yote ajenge ploti, yaani safu ya vyumba vya kupangisha, kama kila mtu mwenye akili timamu. Mama alitaka kichaka kimoja kibaki. Alikuwa amefundisha maisha yake yote akitazama ukuta wa darasa, na uzeeni alitaka kutazama kitu chenye uhai.

"Mama, hii ni miiba," baba alisema. "Hata kuni zake zinamdunga mwenye kuzibeba."

"Niachie miiba yangu, Mzee."

Wakakubaliana mbele yetu watoto, ili tuwe mashahidi. Miti ikiwa hai siku baba atakapostaafu, ibaki. Ikiwa imekufa, ploti inapanda.

Mama hakuwa mtu wa kubahatisha. Twiga waliotoka mbugani walikuwa wakila juu ya seng'enge yetu kana kwamba ni meza waliyoandaliwa. Basi akazungushia kichaka chake waya wa pili, wenye nguzo ndefu na macho madogo. Jirani yetu, bibi mmoja tuliyemwita yieyo, yaani mama kwa Kimaasai, alipita na mbuzi wake akasimama.

"Sopa, mwalimu."

"Epa, yieyo."

"Sasa hii miiba umefunga, iko na kesi gani?"

"Naikinga na mbuzi wako."

"Mbuzi yetu imekula hii kitu tangu nyanya yangu azaliwe. Haijawahi kuisha."

"Ndiyo maana inaonekana imechoka."

Yieyo alicheka mpaka akashika nguzo.

Nje ya waya mambo yalikuwa ya kusikitisha, au ndivyo tulivyoona. Wachoma makaa walikata eluai uwandani kote, na magunia yakapangwa kando ya barabara ya Namanga. Visiki vikachipua. Mbuzi wakala machipukizi. Visiki vikachipua tena, miiba ikiwa mingi zaidi, sisimizi wakiwa na hasira zaidi. Mama alivihurumia kama mayatima.

Nami chuoni nilikuwa nafundishwa habari za aspeni, mti wa nchi za baridi ambao hakuna aliyewahi kuuona darasani, mhadhiri akiwemo. Ukikatwa au ukiungua, machipukizi huibuka kutoka kwenye mizizi, na wanyama wa jamii ya paa huyala yangali machanga. Wenyewe huko huizungushia misitu yao ua mrefu. Nilipata alama nzuri sana. Likizoni nikamsimulia mama tukinywa chai, naye akamgeukia baba.

"Umesikia? Hata majuu wanaweka waya."

Baba akaomba sukari.

Miaka ya kwanza kichaka kilipendeza, majani yamejaa, hakuna wa kuyagusa. Kisha siku moja nikashika tawi na hakuna aliyeniuma.

"Mathe, sisimizi wako siku hizi ni wapole."

"Wameona hakuna vita," akasema, akafurahi.

Baadaye mashina yakapata matundu, na unga wa mbao ukamwagika chini kama ugali usiosongwa. Matawi yakaanza kuanguka bila upepo. Mama alimwaga majivu. Akapulizia dawa aliyoikumbuka kutoka kwenye mashamba ya kahawa ya kwao. Akawaita akina mama wa kikundi wakaombea, na kwa kuwa walikuwa wameshafika, wakaombea na digrii yangu ipate kazi. Hakuna kilichojibiwa. Baba, kusema haki, alipita tu mara kwa mara akiwa na futi ya kupimia.

Alipostaafu, miti ilikuwa bado imesimama, lakini imekufa. Ahadi ni ahadi. Iliangushwa kabla ya chakula cha mchana, na mingine haikuhitaji hata shoka. Mama alibaki jikoni akimenya viazi vingi kuliko tulivyoweza kula.

Nilikuwa nimehama nyumbani zamani niliposoma jambo ambalo sikufundishwa. Eluai huwalisha sisimizi wake utomvu mtamu na kuwapa vile vinundu wakae, ili wawaume wanyama wanaokula majani yake. Wanyama wakizuiwa kwa miaka mingi, mti hupunguza chakula na huacha kuongeza nyumba. Sisimizi wakali huishiwa nguvu, wavivu huchukua mahali pao, na wadudu wanaotoboa mashina huingia bila kuulizwa na mtu.