Adui Hutingisha Mabega

Kwenye kibanda cha gemu pale Maili Moja, nilipokuwa nasubiri zamu yangu, dada mmoja mwenye sare ya kiwanda alikuwa amebakiza uhai mmoja. Wiki nzima hatua ile ilimshinda. Maadui wa gemu hiyo huruka kwa kufuata mdundo wa muziki, na huwezi kuisimamisha katikati.

Adhana ikaanza. Mwenye kibanda akazima sauti, kama kawaida yake.

"Kaka, umeniua!"

"Vumilia, dada. Adhana hiyo."

Dada akatafuna jojo haraka haraka, macho kwenye runinga. Adui mmoja akatingisha mabega, kisha akaruka. Dada akamkwepa. Wa pili naye hivyo hivyo.

Adhana ilipoisha, kaka akanyoosha mkono kwenye rimoti.

"Usiwashe!"

Akavuka hatua ile. "Kumbe siku zote nilikuwa nasikiliza tu, siwaangalii!"

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea maneno matamu, namwangalia mabega.